Fundi anathubutu kuniambia "mashine imechoka kama mwenyewe" MBELE YA WATEJA WANGU!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule fundi wa Majengo, wa kiti chekundu cha plastiki, mnamjua wote.

Nina steshenari Ng'ong'ona. Kompyuta RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizo wazi) GB 4, diski ya kawaida ya kuzunguka (HDD), ilikuwa inapiga kazi vizuri tu. Nikampelekea abadilishe kibodi. KIBODI! Akaniwekea na programu mbili ambazo sikumtuma: moja ya "kusafisha RAM", nyingine ya kache ya diski, yaani inaweka nakala za vitu vya diski kwenye RAM. Tangu hapo ukifungua faili la Word, unainjika makande yanaiva, unakula, unaosha sufuria, ndiyo linafunguka. Diski 100% kutwa nzima.

Leo nimemrudishia. Hata hajaiwasha, anapaza sauti: "Dada, mashine imechoka kama mwenyewe, nunua SSD." Yaani ile diski ya kasi. Wanafunzi wawili wa UDOM wamesimama pale, wateja wangu wa kila siku! Kama mwenyewe!

Nimeikalia jioni hii. Ile ya kache imeshika GB 2 nzima za RAM. Ile ya kusafisha, kila dakika inafukuza vitu kwenye RAM, Windows inarudi kuvisoma upya kwenye diski. Mmoja anajaza ndoo, mwenzake anamwaga, anayekimbia kisimani ni diski. Nimezitoa zote mbili, nikawasha upya: diski 3%. Sasa nani kachoka? Mbele ya wateja, jamani!

Mtoto wa Makole: Weka picha tuone aliyechoka ni nani 😂

Kisasa2: GB 4 mpaka leo? Fundi kakosea mdomo tu, SSD nunua.

Babu Chipsi: Huyo huyo! Mimi aliniambia vumbi la Dodoma limeingia kwenye RAM. Elfu 30 ikaenda.

Mama Twins: Afadhali nyie. Fundi cherehani wangu wa Sabasaba ana kitenge changu tangu kabla ya Pasaka. Harusi imepita, bibi harusi ana mimba.

Babu Chipsi: Wa karibu na wauza dagaa? Suruali yangu iko hapo!

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Amenitukana mbele ya wateja!

Kisasa2: Mama Twins, huyo wa Sabasaba anashona na sare za shule? Shule zinafungua Jumatatu.

Mama Twins: Anashona. Kuzipata ndiyo kazi.