Mwanafunzi wangu haoni, na notsi zangu zote ni picha

Mwalimu wa Nyegezi
Habari za jioni wapendwa. Nafundisha uhasibu wa vikundi vya ushirika kwa njia ya mtandao. Wanafunzi ni 41, wengi wako Ukerewe na Sengerema. Mmoja haoni kabisa. Jumamosi alipanda kivuko cha Kamanga akaja kwangu, akaweka simu mezani na kufungua notsi zangu. Simu ikatamka "Ukurasa wa kwanza", ikanyamaza. Wa pili, kimya. Kurasa 36, zote kimya! Nilizipiga skana kutoka kwenye daftari langu la zamani. Kumbe muhula mzima amekuwa akisomewa na mdogo wake wa darasa la sita, ambaye debiti na krediti hazijui, anamtajia tarakimu tu mfululizo. Imeniuma sana. Mtihani uko wiki tatu mbele. Nianzie wapi?

Kirumba
Shikamoo Mwalimu. Mimi pia sioni. Skana ni picha, hata kama wewe unaona maneno. Programu ya kusoma kioo, ile inayotutamkia maandishi, haikuti herufi hata moja. Video mpya ziache kwanza, chapa notsi.

Ukichapa kwenye Word, vichwa usivikoleze wino tu. Tumia mitindo ya vichwa iliyomo humo humo. Kwenye kompyuta programu yangu ya kusoma kioo ni NVDA, ni ya bure, nabonyeza H naruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Bila hivyo nasikiliza yote tangu mwanzo kila nikitafuta kitu.

Leja ndiyo muhimu kuliko vyote. Weka jedwali la kweli, mstari wa kwanza uutambulishe kuwa wa vichwa, na usiunganishe visanduku. Hapo nitasikia "Debiti, 120,000". La sivyo nasikia "120,000" na sijui dagaa wamenunuliwa au wameuzwa.

Binti Igoma
Mwalimu, nasi wenye ualbino utukumbuke. Maandishi ya kijivu kwenye karatasi nyeupe hatuyaoni. Kiwango cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya mtandao ufikike na wenye ulemavu, ni utofauti wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake. Nyeusi juu ya nyeupe inatosha kabisa. Na mtihani wa mtandaoni unaojifunga wenyewe baada ya dakika 40, tafadhali tuongezee muda. Mimi nakuza maandishi mpaka mstari mmoja unajaza kioo, nusu ya muda inaishia kutelezesha kidole.

Kirumba
Hilo la muda waombe wasimamizi wa mtihani kwa maandishi leo leo, Mwalimu. Taja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010.

Mwalimu wa Nyegezi
Asanteni sana wanangu. Barua ya muda nimeshaipeleka. Usiku nimechapa kurasa tisa, nikaanza na leja. Kabla ya kutuma nimewasha TalkBack, programu ya kusoma kioo ya simu za Android, kwenye simu yangu, nikafumba macho, nikasikiliza mpaka mwisho. Sehemu mbili nilipotea, nikazirekebisha. Nimemtumia mwanafunzi wangu saa nne na nusu. Saa sita kasoro akanitumia ujumbe wa sauti: "Mwalimu, ukurasa wa kumi uko wapi?"

Nauchapa sasa hivi.