Paka anakohoa, mliwahi kumpa dawa za nyumbani? Tupeane uzoefu

BintiKihesa: Wadau, baridi ya Iringa safari hii si mchezo. Paka wetu anakohoa, hasa usiku. Mama mwenye nyumba anasema nimpe asali na kitunguu swaumu, jirani anasema nimfukize kwa mkaratusi. Waliowahi kujaribu, ilikuwaje?

Mnyalukolo: Asali na tangawizi dada. Kikohozi changu kiliisha kwa hiyo hiyo.

MamaUyole: Hicho ni chako, si cha paka. Umenikumbusha mbali binti. Tulikuwa na dume la kijivu, Simba. Mwezi wa saba, ule upepo wa Uyole unaopenya chini ya mlango, akaanza kukohoa. Shemeji yangu kwa huruma akamsagia nusu kidonge cha parasetamoli kwenye maziwa. Narudi jioni toka sokoni namkuta kajikunyata nyuma ya debe la mahindi, uso umevimba, miguu ya mbele imevimba, anahema mbio mbio. Kumfunua mdomo, fizi zimekuwa kahawia. Nikamfunga kwenye kanga, bodaboda hadi kwa daktari wa mifugo. Swali lake la kwanza: "Amepewa dawa ya maumivu ya watu?" Akatueleza kwamba ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli kama letu. Sumu inabaki, inaharibu damu, damu inashindwa kubeba hewa. Dawa ya kuizuia ipo, asetilisisteini, ila inatakiwa mapema. Simba alikata roho pale pale mezani. Wanangu walilia mno.

KijanaTukuyu: Pole sana mama. Nusu tu?

MamaUyole: Nusu tu baba.

MzeeMakambako: Mnatia chumvi. Bibi yangu kule Rungwe aliwapa paka swaumu miaka yote, wakazeeka.

NesiMafinga: Mzee, kitunguu chochote, swaumu au maji, kinavunja chembe nyekundu za damu ya paka. Haionekani siku hiyo. Anakuja kulegea baadaye, watu wanasema karogwa.

MzeeMakambako: Nani kasema kurogwa? Heshimu bibi za watu.

NesiMafinga: Bibi namheshimu, swaumu ndiyo naikataa.

Soweto_Mbeya: Wa kwangu aliacha nilipotoa jiko la mkaa ndani. Tulikuwa tunalala nalo kwa ajili ya baridi, na hata kwa watu ule moshi unaua.

KijanaTukuyu: Mkaratusi usithubutu. Mafuta yake yakiganda kwenye manyoya anayalamba, nayo ni sumu kwake.

Mnyalukolo: Basi kijiko cha mafuta ya kula, atapike lile bonge la manyoya.

NesiMafinga: Ukimmiminia kwa nguvu yanaingia mapafuni, unamwongezea ugonjwa. Binti, chuchumaa umtazame akikohoa. Akijibana chini, shingo kainyoosha mbele, na hakitoki kitu, inaweza kuwa pumu. Paka nao wanaugua pumu. Mrekodi kwa simu, daktari aone mwenyewe.

Mnyalukolo: Kwa hiyo asali nayo hapana?

NesiMafinga: Asali haitamuua, ila haitibu pumu wala minyoo ya mapafu.

BintiKihesa: Nimemtazama sasa hivi, ni hivyo hivyo, shingo mbele na hakitoki kitu. Sijampa chochote. Mwenye namba ya daktari wa mifugo hapa Kihesa au Ipogolo anitumie inbox.

Soweto_Mbeya: Nimekutumia. Akianza kuhema mdomo wazi usingoje kesho, mpigie hata usiku.