Kiwanja njia ya Pangani: nimwamini dalali au ramani ya mdogo wangu?

Mkazi wa Chuda
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kabla sijafanya ujinga. Kuna kiwanja nimeonyeshwa huku Tanga, njia ya Pangani, 20 kwa 20, milioni nne na nusu, bei nzuri mpaka nikaanza kuogopa mwenyewe. Dalali anaapa kila kiapo kwamba hapo maji hayajawahi kutuama toka azaliwe, na mi nilivyoenda kweli pakavu, nyasi zinavunjika ukikanyaga.

Sasa nimerudi nyumbani nasimulia, mdogo wangu yuko kidato cha tatu, ana nakala ya ramani ya huku kwetu wanayofanyia mazoezi ya jiografia, ile yenye mistari ya kahawia, akaweka kidole akasema kaka hapo usinunue, hapo bondeni. Nikamwambia we umejuaje na hujawahi kufika, akanionyesha mistari inavyojikunja kama herufi V, ncha inatazama kule kwenye mwinuko, anasema ikikaa hivyo ujue ndo njia ya maji, halafu katikati kuna mstari wa buluu wa kukatikakatika, eti mto wa msimu. Nikampigia dalali, alivyocheka! Ati hiyo ramani ya mkoloni, mambo yamebadilika. Jamani mtoto wa fomu tatu na karatasi anaweza kupajua mahali kuliko mtu aliyezaliwa palepale? Hela yenyewe ya mkopo wa kikundi, sio ya mchezo.

Pima Kamba
Mkuu huyo mdogo wako mnunulie soda, kasoma vizuri kabisa. Kontua, yaani hiyo mistari ya kahawia inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, ikichongoka kuelekea juu mlimani ni bonde, ikichongoka kuelekea chini ni mgongo, watu wanatoka chuo hawajui hilo.

Ila na mimi nimtetee dalali kidogo. Hiyo ramani bila shaka ni ile ya 1 kwa 50,000, maana yake sentimita moja ni nusu kilomita. Kiwanja chako cha mita 20 humo ndani kina upana wa milimita 0.4, ncha ya penseli inakifunika chote na cha jirani juu. Halafu ramani nyingi za aina hiyo kutoka mstari mmoja mpaka mwingine ni mita 20 kwenda juu, na Tanga huku chini tambarare, si Lushoto, kwa hiyo mwinuko wa mita tatu nne unakaa katikati ya mistari na hauonekani kokote. Ramani inakwambia bonde lipo maeneo hayo, haikwambii kiwanja chako kiko ndani ya bonde au kimekaa pembeni kwenye kamwinuko, hapo ni lazima miguu itembee.

Fanya hivi, ingia Google Earth kwenye kompyuta, kuna sehemu ya kurudisha picha za miaka ya nyuma, tafuta iliyopigwa masika au baada ya masika. Ukiona ufito wa kijani kibichi umepita katikati ya majani makavu, hapo chini pana maji. Na wakati unazunguka huko upime na hatua, Sheria ya Mazingira ya 2004 imekataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari, usije ukapigiwa X nyekundu ukuta umeshafika lenta.

Bint Raskazone
Mi naomba kuuliza kimoja tu, dalali kakupeleka mwezi gani? Tupo Februari, kaskazi inapiga, hata bwawa sasa hivi unalivuka na kandambili 😂 Nendeni tena Mei masika imechanganya tuone kama atapokea simu.

Nahodha Mstaafu
Wanangu salaam. Mnasema ramani ya mkoloni, ngojeni niwape ya kabla ya mkoloni, na ilianzia hapahapa Tanga. Mwaka 1854 alikaa hapa mmisionari wa Kijerumani, Jakob Erhardt, miezi kadhaa, kazi yake kukaa na watu wa misafara akiwauliza huko bara kuna nini. Kila anayeulizwa jibu lake mwisho wa safari kuna maji makubwa. Wa njia ya Kilwa anasema maji, wa njia ya Ujiji anasema maji, wa njia za kaskazini maji. Basi yeye na mwenzake Rebmann, yule aliyeiona theluji ya Kilimanjaro 1848 wasomi wa London wakambishia, wakachora ziwa moja tu kubwa mno, limejipinda kama konokono asiye na gamba, na jina hilo likaigandia ramani yao mpaka leo.

Sasa tazama, hakuna aliyedanganya hapo. Wa Kilwa alilifikia ziwa Nyasa, wa Ujiji Tanganyika, wa kaskazini ndio hili Viktoria, kila mtu alisema alichokiona na kosa likawa la aliyeyaunganisha. Waingereza ile picha ikawawasha, 1857 wapelelezi wao Burton na Speke wakaingia bara, mwaka uliofuata wakawa wamefika Tanganyika, kisha Speke peke yake akafika ncha ya kusini ya Viktoria. Ikajulikana ni maziwa mbalimbali, ingawa wapagazi wangeulizwa vizuri wangelisema zamani bila Speke kuumwa macho njiani.

Kwa hiyo mwanangu wa Chuda, dalali wako anaweza asiwe muongo. Kakwambia maji hayajawahi *kutuama*. Muulize, je, hayapiti?

Pima Kamba
Nahodha umeua 🙌 Hapo kwenye kuuliza ndo penyewe. Dar mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 wanafunzi wa chuo walikuwa wanatembea mtaa kwa mtaa kwenye yale maeneo ya mafuriko, wanaingiza mitaro na nyumba kwenye ramani, na wanawauliza wenyeji maji yalifika wapi. Picha ya satelaiti inaona paa la bati, haioni kwamba mama mwenye nyumba kila masika anapandisha godoro juu ya kabati.

Mbwa wa Amboni
Sisi utotoni tuliambiwa mapango ya Amboni yanatokea Mombasa, na kuna mbwa aliingia na mabwana zake akaja kuonekana Kilimanjaro. Wapimaji wakaingia 1994, wakasema ni mapango kumi tofauti na refu kuliko yote halifiki hata kilomita. Mi bado namwamini mbwa.

Mkazi wa Chuda
Mrejesho wakuu. Jumapili nimeenda na mdogo wangu na ramani yake, dalali akatukuta hukohuko. Nikamuuliza swali la Nahodha kama lilivyo, akaanza kujikuna, mara oh inategemea na mvua. Tukaenda nyumba ya tatu kutoka pale kuna mama anauza mihogo, wala hatukumuuliza sana, akatuonyesha ukuta wa choo chake, tope limechora mstari usawa wa goti. Anasema yanapita usiku mmoja au siku mbili, yanaenda zake, hayatuami kweli! Nikamuuliza hapa panaitwaje maana dalali kaniandikia Mtaa Mpya, akasema sisi toka zamani tunapaita Mkondoni.

Mdogo wangu akacheka mpaka akakaa chini. Kwenye ramani pale hapana jina lolote, katoa penseli kaandika mwenyewe MKONDONI.

Dalali sasa ameshuka mpaka milioni tatu, na leo asubuhi kapiga tena, nikajua anataka kubembeleza, kumbe anaulizia kama mdogo wangu anaweza kumtolea kopi.