JIRANI WA UKUTA WA KIWANDA – MOSHI

Mama Upendo (Katibu) 18:04
Jirani, habari za jioni. Masika hayo yanabisha hodi. Msaragambo wa kuzibua mtaro ni Jumamosi tarehe 28, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukutane kwenye mwarobaini. Kila nyumba mtu mmoja mwenye nguvu na sh. 10,000 ya tipa. Nyumba ziko 38. Mpaka sasa zimelipa 11. Naomba majina.

Mama Upendo (Katibu) 18:31
Naona mmesoma.

Mama Upendo (Katibu) 19:10
Watu 26 wamesoma. Jina moja tu, la kwangu.

Mangi wa Duka 19:12
Mtori utakuwepo?

Dada Saluni 19:12
Mtori na nyama au mtori wa ahadi kama ule wa mwaka juzi

Mangi wa Duka 19:13
Wa ahadi hauhitaji chumvi

Mama Upendo (Katibu) 19:15
Jamani tuongelee mtaro. Nimehesabu tipa 6 zinatosha. Fundi nisaidie hapo.

Fundi Zege 19:40
Hazitoshi, Mama Upendo. Nimepita jana na futi. Mtaro una urefu wa mita 180, upana sm 60, na tope limejaa wastani wa sm 40. Hiyo ni kama mita za ujazo 43 likiwa bado limelala. Ukilichimba linavimba, ongeza robo, unafika 54. Tipa ya Fuso inabeba 7, kwa hiyo ni safari 8. Kwa sh. 50,000 kila safari ni 400,000. Tukilipa wote 38 bado tunapungukiwa 20,000.

Fundi Zege 19:42
Na tope lisiachwe ukingoni kusubiri tipa ya kesho. Mvua ya usiku mmoja inalirudisha lote ndani. Ndivyo ilivyokuwa mara ya mwisho.

Dogo Boda 19:55
Kwa heshima zote wakubwa. Tunasafisha mtaro wa kiwanda kilichokufa. Vijana wanataka kazi, hawataki chepe. Kiwanda kikifunguliwa mtaro utajisafisha wenyewe

Mwalimu Jirani 20:09
Dogo, hoja yako ya kazi ni ya kweli, ila usisubiri kiwanda ndipo uzibue mtaro. Mji huu ulishiba kwa sababu vitu vilishikana. Reli ilifika Moshi mwaka 1911. Chama cha ushirika wa kahawa, KNCU, kikaanza 1933, kahawa ikashuka kutoka vihambani, ikakobolewa hapa hapa mjini, ikapangwa madaraja na kuuzwa mnadani hapa hapa. Gari la kahawa likiharibika, gereji iko hapa. Gunia likihitajika, kiwanda kiko hapa. Makubaliano ya dunia ya mgao wa kahawa yalipovunjika Julai 1989 bei ikaanguka. Msimu wa 1994/95 wanunuzi binafsi wakaingia, kahawa ikaanza kupita njia nyingine. Wakulima wengi waliacha kuhudumia mibuni, wakapanda ndizi na nyanya. Uzi mmoja ukikatika nguo yote inafumuka. Arusha nao wameyaona hayo kwenye kiwanda cha matairi, General Tyre, kilichosimama 2009.

Mwalimu Jirani 20:11
Lakini treni ya abiria imerudi Moshi Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka 20. Karanga kuna kiwanda kipya cha ngozi na viatu. Anayekuja kutafuta eneo la kuweka karakana anaangalia kwanza kama barabara inapitika mwezi wa nne. Yetu haipitiki.

Dogo Boda 20:13
Nimekuelewa mwalimu. Shikamoo.

Mwalimu Jirani 20:14
Marahaba. Sasa weka jina.

Mangi wa Duka 20:15
Amekimbia

Mama Upendo (Katibu) 20:20
Tulikuwa tunasifiwa nchi nzima kwa usafi. Mgeni akishuka stendi anauliza pipa liko wapi kabla ya kutupa ganda la ndizi. Mimi sikubali mtaa wetu ndio uwe doa la Moshi. Majina.

Fundi Zege 20:37
Namna ya kuifanya kazi yenyewe, ili tusije tukachoka bure:

Tunaanzia CHINI, kwenye karavati, tunapanda. Mkianzia juu maji hayana pa kwenda, mtachimba uji siku nzima. Mtaro huu haushuki na mlima, unaambaa na ukuta. Nimeupima kwa mpira wa maji, mteremko ni sm 90 tu kwa mita zote 180. Ndiyo maana mchanga unakaa. Mkichimba shimo katikati kwa kupitiliza sakafu, maji yatalala hapo na mbu watazaliana.

Karavati ni bomba la sm 60, limeziba theluthi mbili. Hakuna mtu kuingia ndani. Tunapitisha mianzi iliyofungwa pamoja mpaka itokee upande wa pili, tunafungia waya, kwenye waya tunafunga tairi kuukuu la pikipiki lililojazwa magunia. Watu wanne wanavuta huku, wawili wanarudisha kule. Mizunguko kama 10.

Mtu mmoja anachimba na kurusha mita za ujazo 2 na nusu kwa siku kwa tope la namna hii. Kwa 43 tunahitaji watu 17 au 18 wa kweli, siku nzima. Wa kupiga picha hawamo kwenye hesabu.

Dada Saluni 20:44
Na mifuniko? Ile 14 ya mwaka juzi imepasuka yote. Tulichanga. Aliyeshika fedha yumo humu humu na anasoma

Dada Saluni 20:44
Ujumbe huu umefutwa

Mama Upendo (Katibu) 20:46
Tuliona. Tusirudi huko leo.

Dada Saluni 20:47
Tutarudi lini? Mtoto wa watu aliingia mguu mpaka gotini

Fundi Zege 20:58
Sizungumzii fedha, nazungumzia mfuniko. Nimevunja mmoja nikaangalia. Nondo ziliwekwa juu. Mfuniko ukikanyagwa unavutika upande wa chini, nondo lazima zikae chini, sm 2 na nusu kutoka kitako, tena zielekee upande mrefu. Zikikaa juu ni pambo tu. Halafu zege lilianikwa juani bila maji.

Safari hii: mfuniko wa sm 90 kwa 50, unene sm 10. Unalala sm 15 kila ukingo. Nondo za mm 10, nne za urefu, tano za kukatiza. Kwa mifuniko 14 ni nondo 7, ya nane ni ya kukunja mikono ya kunyanyulia. Saruji mifuko 5, ujazo moja kwa mbili kwa nne. Funika kwa magunia mabichi siku 7, usiukanyage kabla ya wiki 4. Mmoja una uzito wa kilo 108 hivi, wanyanyue watu wanne. Vichujio vya chuma sishauri, vitaishia kwa wa skrepa kama vile vya mwanzo.

Mangi wa Duka 21:02
Kilo 108 ni mimi kabla ya Kwaresma

Mama Upendo (Katibu) 21:03
Mangi!!

Mama Upendo (Katibu) 21:05
Na chokaa ya kabstoni, yale mawe ya ukingo wa barabara, nani anajua? Mara ya mwisho ilibanduka kabla ya Pasaka.

Mwalimu Jirani 21:16
Ilipakwa nzito, saa saba mchana, kwenye zege kavu lenye vumbi. Loweka chokaa usiku kucha, kilo 10 kwa kilo 1 ya chumvi, chuja, iwe nyepesi kama maziwa. Piga jiwe brashi ya chuma, lilowanishe, paka jioni. Ikiwa mbichi haionekani nyeupe, watu wanaogopa na kuongeza. Iache. Inang'aa kesho yake, ndipo unapaka mkono wa pili. Ila chokaa baada ya mtaro, siyo kabla.

Babu Reli 21:48
Wanangu, poleni na majukumu.

Mama Upendo (Katibu) 21:48
Shikamoo babu.

Fundi Zege 21:48
Shikamoo mzee

Babu Reli 21:53
Marahabani. Mnaiandikia Manispaa barua kila mwaka, hamjibiwi. Mtaro ule haukuwa wa Manispaa. Ulichimbwa na kiwanda. Kiwanda kilikuwa na watu wawili wa mtaro, kila Jumatatu, king'ora cha kwanza kikilia wako ndani na makoleo. Kiwanda kilipofungwa walihesabu mashine, meza, mpaka mapazia. Mtaro hakuna aliyeukabidhi kwa mtu. Barua iombe kwanza uingizwe kwenye mitaro ya mji, ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa. Usafi utafuata.

Babu Reli 21:57
La pili. Lile bomba la choo linalomwaga mtaroni. Lizibwe kabla ya jembe la kwanza. Sitawaita watoto wa watu waingie kwenye kinyesi cha nyumba moja.

Mama Upendo (Katibu) 22:26
Asante babu.

Fundi Zege 22:30
Mzee amemaliza. Na kwa ajili ya bomba hilo, tope hili asiombe mtu kupeleka kwenye bustani ya mchicha. Gambuti na glavu ni lazima, kuna chupa zilizovunjika.

Baba Junior 05:51
Nimesikia mzee. Chemba yangu imejaa, gari la kunyonya nimeahidiwa Alhamisi.

Mama Upendo (Katibu) 06:02
Alhamisi ya wiki hii Baba Junior?

Mama Upendo (Katibu) 06:40
Baba Junior?

Fundi Zege 07:15
Mama Upendo, tufanye kwa kilichopo. Laki moja na kumi ni safari 2, ni mita 45 za chini pamoja na karavati. Hizo zikifunguka, maji ya masika yana pa kutokea. Nyingine tutapanda nazo fedha ikipatikana. Shida ni mdomo wa karavati, uko ndani ya geti la kiwanda, na mlinzi anataka barua.

Babu Reli 07:33
Mlinzi nitamwona mimi.

Dogo Boda 07:34
Andikeni jina langu. Na mianzi naleta, ya mita 4, iko 6

Mama Upendo (Katibu) 07:36
1. Mama Upendo
2. Fundi
3. Mwalimu
4. Dogo Boda (mianzi 6)
5.

Dada Saluni 07:50
5. Dada Saluni. Risiti za nondo nazishika mimi

Mangi wa Duka 08:12
6. Mangi, na sukari ya uji kilo 3

Fundi Zege 08:20
Bado majina. Geti likikubalika nijulishwe kabla ya Ijumaa saa kumi, nikamwambie mwenye tipa.

Mama Upendo (Katibu) 08:21
Baba Junior, Alhamisi ipi?