Tupeane uzoefu: umewahi kunyimwa huruma, au wewe ndiye uliyemnyima mtu?

MwalimuLangoni:
Assalaam aleikum wanabaraza. Leo nilikuwa nasomesha Utendi wa Fumo Liyongo, ule aliotuachia Muhamadi Kijumwa wa hapa hapa Lamu, wa mwaka 1913. Tulipofika pale Liyongo, yule shujaa wa kale wa pwani yetu, amekwisha dungwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe wa kumzaa, akatwaa uta wake akaenda akapiga goti kisimani, roho ikamtoka vile vile, na watu wa mji hawathubutu kuteka maji wakidhani yu hai, darasa zima lilinyamaza. Wavulana wawili walijifuta macho kwa mikono ya shati.

Ndipo msichana mmoja wa nyuma akauliza: "Mwalimu, na Saada je?"

Saada ni yule kijakazi aliyekuwa akimpelekea Liyongo chakula alipofungwa gerezani. Askari wakila kilicho kizuri, wakimwachia Liyongo mkate wa wishwa, na ndani ya wishwa ndimo mlimokuwa na tupa za kukatia pingu. Mkate ule ungevunjwa langoni, shingo ya kwanza ingekuwa ya Saada. Nimesomesha utendi huu miaka kumi na mmoja na sikuwahi kumuonea imani hata siku moja. Sikuwa na jibu, na tangu saa nne asubuhi moyo haujatulia.

Basi tupeane uzoefu. Lini ulinyimwa huruma? Lini uliinyima?

PwezaWaShela:
Umenigusa mwalimu. Nipo hapa nasoma.

NahodhaMatondoni:
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nabeba mchanga na punda wa ami yangu kutoka ufukweni. Punda alikuwa na kidonda mgongoni, shogi imemchuna. Mama mmoja mgeni, mtalii, akatusimamisha, akapiga magoti, akamwagilia punda maji ya chupa huku analia machozi ya kweli. Mimi msumari ulikuwa umeniingia mguuni siku hiyo hiyo, ndara imejaa damu, kila hatua inateleza. Akaniangalia usoni, akanigombeza, akamkokota punda hadi kliniki ya punda. Mguu wangu hakuuona kabisa.

Punda alipona na nilifurahi, maana nilimpenda. Ila mpaka leo nikiona mtu anamlilia mnyama huwa namtazama aliyeshika kamba.

Mswahili_Asili:
Mwalimu, hao wanafunzi waulize pia kuhusu mtoto wa Liyongo. Mimi nasema yule hastahili chozi hata moja. Mtu anamuua babake aliyelala!

BintiSiyu:
Ami, yule alikuwa kijana. Sultani wa Pate ndiye aliyemtia maneno, akamuahidi kumuoza binti yake. Wakubwa wakatumia mkono wa mtoto, kisha kazi ilipokwisha Sultani mwenyewe hakumtaka tena. Hilo halikuumizi?

Mswahili_Asili:
Haliniumizi. Kila muuaji ana aliyemtuma.

BintiSiyu:
Basi wewe ukisoma unatafuta wa kuhukumu tu. Kuna kusoma gani huko?

Mswahili_Asili:
Mwanangu, chunga kauli. Nimekuzidi miaka.

MamaWatatu_Malindi:
Jamani msigombane. Mimi niliachwa na watoto watatu, mmoja wa kunyonya. Mtaa mzima ukasema nimejitakia kwa sababu ya mdomo wangu. Mwaka wa pili mume akapooza upande mmoja, wale wale wakapishana mlangoni kwake na mabakuli ya uji. Nilienda na mimi. Nilipeleka mahamri. Ni hayo tu.

DadaYake:
Nimesoma tangu jana nikiandika na kufuta. Leo nasema.

Kaka yangu alikuwa teja, mtumiaji wa unga, yaani dawa za kulevya. Naliandika neno hilo kwa kuwa ndilo alilokuwa akiitwa, hata na watoto wa chuo cha Kurani. Kabla ya unga alikuwa fundi wa kuchonga milango. Ukipita Mkomani iko milango miwili ambayo waridi zake zimetoka mikononi mwake, wageni wanapigia picha kila siku.

Sisemi alikuwa malaika. Aliiba kidani cha mama, akaiba mtungi wa gesi, akaiba viatu vyangu vya shule usiku wa kuamkia mtihani. Watu walichoka naye, na mimi nilichoka. Usiku mmoja wa mvua nilimfungia mlango nikamsikia amekaa dakani nje ya mlango, anakohoa mpaka adhana ya alfajiri. Siku nyingine akaniomba nauli ya Malindi akaanze methadoni, dawa ya kumsaidia kuacha unga. Nauli nilikuwa nayo kwenye pindo la leso. Nikajiambia ataenda kuinunulia unga. Sikumpa.

Alikufa Jumatano. Jumatatu yake kijana mwingine wa mji alizama baharini, na mashua zilitoka siku mbili kumtafuta, hakuna aliyeuliza mafuta ni ya nani. Maduka yalifungwa. Nililia sana kwa ajili ya yule kijana, alistahili kila chozi.

Jeneza la kaka yangu lilibebwa na watu sita. Wawili walikuwa wenzake wa unga, hawana nguvu, ikabidi liwekwe chini mara tatu kabla ya kufika makaburini. Kwetu jeneza likipita mtu huacha alichoshika akasogeza bega, japo hatua chache. Siku ile nilikuwa dirishani. Nikawaona wanaume wamekaa barazani na vikombe vya kahawa mkononi. Hawakuinuka.

Matangani mama mmoja alimshika mama yangu mkono akamwambia, "Bora amepumzika, na nyinyi mmepumzika." Mama hakumjibu. Usiku akanionyesha alichokikuta chini ya mkeka wa kaka: patasi moja nyembamba, ile ya kuchongea majani ya waridi. Alikuwa ameuza kila kitu hadi mto wa kulalia. Hiyo hakuiuza.

PwezaWaShela:
Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nimeshindwa kuendelea kusoma, nimerudi mara mbili.

BintiSiyu:
Dada, pole. Pole sana. Mola ampe kauli thabiti.

Kijana_wa_Jeti:
Pole dada. Lakini tuseme ukweli, na sisi tulioibiwa tunalia. Mamangu aliingiliwa na mateja usiku, mpaka leo hawezi kulala peke yake.

MamaWatatu_Malindi:
Mwanangu, hili si wakati wake.

Kijana_wa_Jeti:
Wakati wake ni lini? Mwalimu ameuliza nani alinyimwa huruma. Mamangu alinyimwa. Hakuna aliyempelekea hata uji.

DadaYake:
Mwacheni aseme. Mpe mamako pole zangu. Huenda alikuwa kaka yangu.

BibiWaMkunguni:
Ndio mambo ya mui wetu, yeo kwako kesho kwangu. Wanangu, someni Yasini, mengine muacheni Mungu.

Msomaji_wa_Kimya:
Sijawahi kuandika humu. Nilikuwa barazani siku ile. Nilimjua vizuri, tulisoma chuo kimoja, alinifundisha kuogelea. Nilitaka kuinuka, nikawatazama wenzangu, nao wananitazama. Jeneza likapita. Nimeliona hilo jeneza kila nikikaa pale. Naomba radhi.

NahodhaMatondoni:
Amesema kiume. Dada msamehe.

Mswahili_Asili:
Asimsamehe haraka. Radhi ya mtandaoni haina uzito. Aende nyumbani kwa mama, avue viatu, aseme hayo maneno uso kwa uso.

MamaWatatu_Malindi:
Na asiende mikono mitupu. Kilo mbili za sukari na majani ya chai, halafu akae achambue mchele na wanawake mpaka mgongo umuume.

BintiSiyu:
Kwa hili naafikiana na Ami.

DadaYake:
Msomaji, nimesoma ulivyoandika. Sina cha kukujibu leo. Mama yupo nyumbani kila siku baada ya alasiri.

MwalimuLangoni:
Dada, kesho nina darasa lile lile. Kwa idhini yako ningependa kuwasomea uliyoandika, bila jina wala mtaa.

DadaYake:
Wasomee. Na pale nilipomfungia mlango usiparuke.