Wakuu, naomba ushauri: blaki metali na panki zichanganywe vipi?

Gitaa_Sakina: Habari wakuu. Tuna bendi ya vijana wanne hapa Arusha, mazoezi tunafanyia stoo ya mjomba wangu Sakina. Mimi napiga gitaa, na moyo wangu uko kwenye blaki metali ya Norway: nyuzi zinachokolewa haraka bila kupumzika, akodi za huzuni, sauti ya kukwaruza. Mpiga drams ni mtu wa panki, ile roki fupi, ya kasi na ya hasira. Tukiungana, unasikia kipande chake, halafu kipande changu, kama daladala mbili zinagombea abiria. Nataka uwe wimbo mmoja. Au nalazimisha?

Mkongwe_Kaloleni: Hulazimishi, mdogo wangu. Hizo zina ukoo mmoja. Mwaka 1982 bendi ya metali ya Venom, ya Newcastle, Uingereza, ilitoa albamu ya Black Metal, ndiyo iliyoupa muziki huo jina. Mwaka huohuo bendi ya panki ya Discharge, ya Stoke-on-Trent, Uingereza hukohuko, ikatoa albamu ya Hear Nothing See Nothing Say Nothing. Bendi ya Hellhammer kule Uswisi ilichota kwa wote wawili. Halafu sikiliza albamu mbili za Darkthrone wa Norway: Transilvanian Hunger ya 1994, kisha F.O.A.D. ya 2007. Watu walewale wawili, ila hiyo ya pili panki imejaa tele.

Drams_Moshi: Acheni kupokezana zamu, hapo ndipo mnapokosana. Mwache mwenzako apige mdundo wa Discharge mwanzo hadi mwisho: kiki (drams kubwa ya mguu), snea (ile ndogo ya mlio mkali), kiki-kiki, snea. Wewe juu yake chokoa akodi zako za huzuni bila kukoma. Ule mdundo wa blaki metali, kiki na snea zikifukuzana, uwekeni mahali pamoja tu, pale wimbo unapopanda. Mkiumwaga kila mahali, panki inakufa. Na punguza distoshani, yaani ule mkwaruzo wa gitaa, mkuu. Ikizidi kwenye ampu ndogo, kuchokoa kote kunageuka mvumo mtupu.

Dada_wa_Meru: Na mashairi? Mkianza habari za shetani, huyo mjomba atafunga stoo, na sitamlaumu. Discharge waliimba vita na mabomu ya nyuklia, na giza lao halikupungua hata kidogo. Wanorway wana baridi na misitu yao. Nyie mna Kibo inayoisha barafu mkiitazama kwa macho! Imbeni hiyo, kwa Kiswahili. Naipenda sana hii hamu yenu.

Gitaa_Sakina: Dada, hilo la Kibo limenigusa, naanza kuandika leo. Besi je?

Drams_Moshi: Besi ifuate panki. Rekodi nyingi za blaki metali zimeizika. Wewe ipandishe, ipigwe kwa piki (kile kibamba cha kuchokolea nyuzi), ikwaruze yenyewe.

Gitaa_Sakina: Shukrani wakuu. Jumamosi tunajaribu mdundo mmoja mwanzo mwisho. Nitaleta hapa, ila tuna simu tu ya kurekodia.

Mkongwe_Kaloleni: Simu inatosha, muziki huu haujawahi kudai studio ya gharama. Iweke mbali na sahani za drams, karibu na mlango, na rekodi yenyewe usiisafishe sana.