Mrejesho: Niliingia mjengo na diploma yangu ya umeme

Habari zenu. Mwaka jana niliwauliza: nina diploma ya umeme, nisubiri kazi ya kiwandani Industrial Area, Nairobi, au niingie mjengo, yaani kazi za ujenzi? Wengi mlisema niende upande wa huduma za majengo, yaani umeme, maji, zimamoto, lifti na viyoyozi. Basi nimeingia. Niko kwa kontrakta mdogo, jengo la ghorofa kule Kilimani.

Nyaya zenyewe ni sehemu ndogo tu ya kazi. Kabla slabu (sakafu ya zege) haijamwagwa, tunakimbizana na mafundi wa nondo kulaza konduti (mabomba ya kupitishia nyaya) na kuacha matundu ya mabomba. Tundu moja likisahaulika, zege itatobolewa kwa mashine, na injinia wa miundo atakukazia macho wiki nzima. Juu ya dari ndiko kwenye vita kamili: dakti (njia ya kupitishia hewa ya viyoyozi), bomba la majitaka na trei ya kubebea nyaya, vyote vinataka njia moja. Majitaka hushinda, maana lazima yapate mteremko. Nyaya hupindishwa kirahisi zaidi.

Yule aliyesisitiza nijifunze kusoma michoro ya mabomba pia, asante sana. Ndiyo iliyonitoa kwenye kuvuta nyaya, sasa nakagua kazi pamoja na foromani.

Malipo? Huchelewa, kwa sababu sisi hulipwa baada ya kontrakta mkuu kulipwa. Kadi ya NCA (mamlaka ya ujenzi) ninayo, leseni ya fundi umeme ya EPRA (mamlaka ya nishati) bado nakusanya karatasi. Mwenye kujua wanaochukua vijana wa viyoyozi anidokezee, huko ndiko nataka kuelekea.